Sindano ya macho na damu kuganda: hofu mbili zilizochanganywa

Mjomba wangu anaishi Umoja, Nairobi, na miaka yote ninayomjua amesoma gazeti akiwa amesimama kando ya dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba maneno ya katikati ya mstari yanamezwa. Siku moja nimeketi mbele yake akaniambia, "Mwanangu, nikikutazama naona mabega na masikio. Uso hauko."

Kliniki ya macho ilimpima ikamwambia ana ugonjwa wa makula unaoletwa na umri, ile aina inayovuja. Akaanza kuchomwa sindano ndani ya jicho, moja kila mwezi. Alichomwa mbili. Kabla ya ya tatu, ujumbe wa sauti ukazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: sindano za macho zinagandisha damu, kuna mzee kachomwa na wiki hiyohiyo kapata kiharusi. Mjomba akaacha kwenda. Siku chache baadaye jirani akamshauri aache na aspirini anayomeza kwa ajili ya moyo, kwa kuwa "hiyo inayeyusha damu, itakuvujia jichoni." Akaiacha pia. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa wakati mmoja, aliacha dawa moja akihofia damu itaganda na nyingine akihofia damu haitaganda. Wiki saba zilipita kabla hatujajua.

Simlaumu. Nimempeleka kliniki mara nyingi tangu wakati huo, na kwenye benchi la kusubiri nasikia mazungumzo hayohayo kutoka kwa watu wa Kayole, Kawangware na Rongai. Neno "kuganda" limebebeshwa mambo manne au matano ambayo hayana undugu, na wanaoumia ni wazee ambao jicho lao haliwezi kusubiri ubishi uishe. Basi tuyatenganishe, tukianzia kwenye jicho lenyewe.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari ubongoni. Katikati yake kuna eneo dogo, upana wa milimita 5 hivi, liitwalo makula. Kwa makula ndipo unaposoma, unapotunga uzi kwenye sindano, unapotambua kama noti uliyorudishiwa na makanga ni ya mia au ya mia mbili. Retina iliyobaki hukuonyesha yaliyo pembeni. Ndiyo maana mgonjwa wa makula hutembea nyumbani kwake bila kugonga meza, lakini akisalimiwa njiani hamtambui aliyemsalimia, na watu husema amekuwa na maringo.

Baada ya miaka 50 makula ya baadhi ya watu huanza kuchakaa. Kuna aina kavu, ambapo takataka za rangi ya njano hujilimbikiza chini ya retina na chembe za kuonea hufa polepole, kwa miaka. Kuna aina ya majimaji, ile inayovuja, ambayo huwapata wachache zaidi lakini ndiyo inayopofusha kwa kasi, wakati mwingine ndani ya wiki chache. Ugonjwa huu ni tofauti na mtoto wa jicho, ambapo lenzi ya mbele huingia ukungu. Ni tofauti pia na presha ya macho, inayoharibu neva ya kupeleka picha ubongoni. Na anayesema ni ugonjwa wa wazungu amekosea: utafiti mkubwa uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi uliukuta hapahapa kwetu, hatua za mwanzo kwa takriban mmoja kati ya 10, na hatua ya mwisho kwa takriban mmoja kati ya 100.

Sasa ile aina ya majimaji. Aliyewahi kupita vichochoro vya Mathare au Mukuru ameona yale mabomba membamba ya plastiki yaliyolazwa usiku kando ya mtaro, viungio vimefungwa kwa vipande vya mpira. Watu walikosa maji, wakamwita fundi, fundi akaunganisha upesi. Maji yakaja kweli, lakini kila kiungio kinatoa tone, na baada ya mwezi njia yote ni tope. Makula iliyochakaa hufanya vivyo hivyo. Inapohisi inanyimwa hewa na lishe hutoa mwito, nao ni protini ambayo wataalamu huiita VEGF. Kazi ya VEGF ni kuotesha mishipa ya damu. Mishipa huota kweli chini ya retina, ila ni mishipa iliyoungwa ovyo: inavuja majimaji, mara nyingine inavuja damu, sakafu ya retina inavimba, na mlango ulionyooka unaonekana umepinda. Ikiachwa, mwisho wake ni kovu, na kovu la makula halirudi nyuma.

Sindano anayochomwa mjomba ina dawa ya kunasa VEGF kabla haijamfikia fundi. Dawa ya kwanza ya ukoo huo kuwa maarufu ni Avastin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, kwa sababu hata uvimbe wa saratani hujioteshea mishipa ya kujilisha. Mwaka 2005 daktari wa macho wa Miami, Philip Rosenfeld, alijaribu kuidunga kiasi kidogo ndani ya jicho, na retina zikakauka. Mwaka uliofuata ikaidhinishwa Lucentis, iliyotengenezwa mahususi kwa jicho, kisha Eylea mwaka 2011. Avastin ndiyo nafuu kuliko zote kwa mbali, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho. Hayo nayataja kwa sababu ujumbe wa WhatsApp ulisema pia kwamba "wanawachoma dawa ya saratani". Ni kweli, ni dawa hiyohiyo. Kilichoachwa nje ya ujumbe ni kipimo, na kwa dawa yoyote kipimo ni nusu ya habari.

Hofu yenyewe ilitoka wapi

Damu kuganda ni baraka. Ukijikata na kisu cha kukatia sukuma, vigandisha damu hukimbilia kwenye jeraha, vinashikana, vinaziba. Ubaya unakuja pale donge linapotokea ndani ya mshipa mzima usiokatwa. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, ndiye anayekumbukwa kwa kutufundisha tuangalie mambo matatu: damu inatembea namna gani, kuta za mshipa zikoje, na damu yenyewe ina nini. Donge likiziba mshipa wa ubongo ni kiharusi. Likiziba mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo. Likikaa kwenye mguu ni jambo jingine tena, lenye dalili zake na matibabu yake.

Jambo la pili kati ya hayo matatu, yaani kuta za mshipa, ndilo linalogusa habari yetu. Yule fundi wa usiku anayeunganisha mabomba ya wizi, mchana ndiye anayetunza mabomba halali ya mtaa mzima. VEGF haioteshi mishipa mibovu tu. Mwilini kote huzisaidia kuta za mishipa zibaki laini na zitoe kemikali zinazozuia vigandisha damu visishikane ovyo. Ukiuzima mwito wa fundi huyo mwilini mwote, presha hupanda na kuta hukosa matunzo. Ndiyo maana wagonjwa wa saratani waliopewa Avastin kwa njia ya mshipa, hasa waliopita miaka 65, walipata viharusi na mishtuko ya moyo zaidi ya wenzao. Hapo hofu ina msingi, na daktari anayemwambia mgonjwa "hayo ni uvumi mtupu" anamkosea heshima.

Turudi kwenye kipimo. Mgonjwa wa saratani mwenye kilo 60 anaweza kupewa miligramu 300 kwa mpigo mmoja, miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, kisha tena baada ya wiki mbili. Jicho hupewa miligramu 1.25. Ukigawanya unapata 240. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja kutoka dukani, uiweke mezani, kisha kando yake weka kijiko kimoja cha chai. Tofauti ni karibu hiyo. Na hicho kijiko kimefungiwa ndani ya jicho, ambalo hukiachia kidogo kidogo kwenye damu.

Kidogo kidogo, lakini huachia. Avastin na Eylea zikishaingia kwenye damu hukaa siku nyingi na hushusha kiwango cha VEGF mwilini kwa muda. Lucentis ni kipande kidogo cha protini ambacho mwili hukiondoa ndani ya saa chache. Kwa hiyo swali la haki ni hili: kiasi hicho kinachotoroka kinatosha kumdhuru mtu?

Kulijibu, mfikirie yule mzee wa kwenye ujumbe wa sauti. Tuseme kweli alichomwa sindano na wiki hiyohiyo akapata kiharusi. Anayepata ugonjwa wa makula ni mtu wa miaka 70 au 80, mara nyingi ana presha, huenda alivuta sigara kwa miaka, na sigara ni adui mkubwa wa makula kama ilivyo adui wa moyo. Watu wa namna hiyo hupata viharusi hata wasipochomwa chochote. Ukichukua wazee elfu wanaohudhuria kanisa moja na kuwafuatilia kwa mwaka, wapo watakaopata kiharusi wiki waliyotoka kwenye ibada, na hakuna atakayeilaumu ibada. Njia pekee ya kujua ni kulinganisha makundi mawili yanayofanana, moja linachomwa dawa na jingine halichomwi.

Ulinganisho huo upo. Katika majaribio matatu ya Lucentis, mwaka wa kwanza watu 17 kati ya 874 waliochomwa dawa walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo cha aina hiyo, sawa na asilimia 1.9. Kwenye makundi ya kulinganishia walikuwa 5 kati ya 441, asilimia 1.1. Ukiishia hapo utaogopa. Lakini waliofuatiliwa hadi mwaka wa pili walionyesha kinyume chake: asilimia 2.6 kwa waliochomwa dawa, asilimia 2.9 kwa wengine. Tofauti inayogeuka upande kila mwaka ni ishara kwamba tunahesabu watu wachache mno kuweza kuapa. Watengenezaji wameandika tahadhari ya damu kuganda kwenye karatasi ya dawa, na wamefanya vizuri. Ninavyozisoma namba hizi, hatari ikiwepo ni ndogo, na haijaonekana wazi hata pale ilipotafutwa kwa makini.

Vipi kuhusu Avastin, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu? Mwaka 2011 Wamarekani walichapisha jaribio liitwalo CATT, lililozipambanisha Avastin na Lucentis kwa zaidi ya wagonjwa 1,100. Uoni ulikuwa sawa. Vifo, viharusi na mishtuko ya moyo havikutofautiana kwa namna ya kutia shaka. Waliolazwa hospitali kwa sababu mbalimbali walikuwa wengi kidogo upande wa Avastin, asilimia 24 dhidi ya 19, lakini magonjwa yaliyowalaza yalitawanyika, mengi hayahusiani na damu kuganda. Naiweka hapa kwa sababu nisingependa msomaji aipate kwingine akadhani tulimficha.

Upande wa pili wa mizani hautajwi kabisa kwenye kundi letu la ukoo. Jaribio mojawapo la Lucentis, MARINA, lilionyesha mwaka 2006 kwamba kati ya watu 100 waliochomwa dawa, 95 hivi walifika mwisho wa mwaka bila kupoteza mistari mitatu ya ubao wa kupimia macho. Kati ya 100 ambao hawakupewa dawa, walikuwa 62. Na theluthi moja ya waliopata kipimo kamili waliona vizuri zaidi kwa mistari mitatu au zaidi, ambapo kwa wasiopewa dawa ni 5 tu kati ya 100. Hatari ya kutochomwa ni kubwa na inaonekana kwa macho, nikisema hivyo kwa maana yake halisi.

Wapo wanaohitaji uangalifu wa ziada. Aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi michache iliyopita hakuwa sehemu ya majaribio mengi haya, kwa hiyo ushahidi juu yake ni haba. Daktari anaweza kuamua kusubiri kidogo, au kuchagua dawa inayotoka haraka mwilini, au kuendelea kwa sababu jicho lililobaki ni hilo moja. Tatizo ni kwamba daktari wa macho mara nyingi hajui. Faili la moyo liko hospitali nyingine, mgonjwa anadhani presha haihusiani na macho, na foleni ni ndefu. Ukiwa wewe ndiwe unayempeleka mzee, sema mwenyewe: alilazwa lini, anameza nini, presha ilikuwa ngapi wiki hii. Mimi huziweka pakiti zote za dawa za mjomba kwenye mfuko mmoja na kuzimwaga mezani kwa daktari.

Aspirini, warfarini na hofu ya kinyume

Jirani wa mjomba alisikia kitu chenye chembe ya ukweli. Mtu mwenye makula inayovuja akitokwa na damu chini ya retina huku anatumia dawa kali za kuzuia damu kuganda, damu hiyo inaweza kuwa nyingi zaidi. Ni jambo zito na madaktari wanalijua. Lakini anayepewa warfarini, mojawapo ya dawa hizo kali, kwa sababu moyo wake unadunda bila mpangilio amepewa ili donge lisitoke moyoni likapanda ubongoni. Kuiacha kwa shauri la jirani ni kuliita lile donge. Aspirini ya aliyekwisha kupata tatizo la moyo ni vilevile. Kwa sindano ya jicho, dawa hizi kwa kawaida haziachwi hata siku moja, kwa kuwa sindano yenyewe ni nyembamba mno na inapita mahali penye mishipa michache.

Niliruhusiwa kusimama mlangoni wakati mjomba anachomwa. Walimtia matone ya ganzi, wakaosha jicho kwa iodini ya rangi ya kahawia, wakazishikilia kope wazi kwa kibano kidogo cha chuma. Daktari akapima milimita 4 kutoka ukingo wa mboni kwenye weupe wa jicho, akamwambia atazame juu. Kilichoingia ni tone moja, sehemu ya 20 ya mililita. Kabla sijavuta pumzi ya pili ilikuwa imekwisha, na mjomba akauliza wataanza saa ngapi.

Kesho yake weupe wa jicho ulikuwa na doa jekundu kama tone la rangi, na shangazi akapiga simu analia kwamba damu imeganda. Hiyo ni damu iliyotoka kwenye kimshipa cha utando unaofunika weupe wa jicho. Haiumi, haizibi kuona, na huisha kwa wiki moja au mbili kama alama ya kugongwa mkononi. Kinachopaswa kukukimbiza hospitali siku hiyohiyo ni jicho linalouma kwa kuzidi, wekundu unaoongezeka, kuona kunakofifia ndani ya siku chache baada ya sindano. Hiyo huenda ni maambukizi ndani ya jicho, ni nadra, na kwa maoni yangu ndiyo hatari ya sindano hii inayostahili kuzungumzwa majumbani kuliko zote. Uso kupinda ghafla, mkono kulegea au maneno kukorogeka ni kiharusi, awe amechomwa sindano au hajachomwa, na hapo kila dakika inahesabika.

Kuna donge jingine linaloingizwa kwenye mazungumzo haya, na lenyewe liko jichoni kweli. Mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye retina unaweza kuzibwa na damu iliyoganda, hasa kwa mwenye presha au sukari, na kuona kukapotea ghafla bila maumivu. Ajabu yake ni kwamba tiba yake mara nyingi ni sindano hizihizi. Haziyeyushi donge, zinapunguza uvimbe ambao donge limeuleta. Kwa hiyo benchini utamkuta mama anayesema "mimi damu iliganda jichoni nikaanza kuchomwa", na jirani yake anasikia "nilichomwa damu ikaganda". Maneno ni yaleyale, mpangilio umegeuka, na ukigeuka hivyo unafika Umoja ukiwa umemfungia mtu mlango.

Halafu kuna chanjo. Kenya ilipokea dozi za kwanza za AstraZeneca dhidi ya Korona Machi 2021, na mwezi huohuo habari za damu kuganda zikatoka Ulaya. Wengi wetu ndipo tulipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Lile lilikuwa tukio nadra ambapo kinga ya mwili yenyewe ilivichokoza vigandisha damu. Halina uhusiano wowote na VEGF wala na jicho, lakini hofu ilikwisha kutafuta makao, na kila neno "sindano" sasa linaifungulia.

Mjomba amerudi kliniki, na aspirini yake imerudi kwenye sahani ya asubuhi. Tumembandikia kando ya dirisha la jikoni ukurasa mmoja wa daftari la hesabu, lile lenye miraba, na doti nyeusi ya kalamu katikati. Kila asubuhi huvaa miwani, huziba jicho moja kwa kiganja, hutazama doti, kisha jingine. Mistari ikipinda zaidi ya jana anapiga simu. Baada ya sindano tatu nyingine mistari mingi imenyooka. Kuna miraba minne chini kidogo ya doti ambayo haionekani tena. Kabla ya zile wiki saba, anasema, ilikuwepo.